Modi ya Minecraft imegoma kubildi: tafuta shida kabla hujalaumu kodi

Juzi saa tano usiku dogo mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, kanirushia picha ya skrini, nyekundu juu mpaka chini, na maneno matatu tu: "Kaka nimeharibu kodi". Hajaharibu kitu yule. Hajagusa hata herufi moja, alichofanya ni kuchukua sosi, yani kodi ya programu (code) kama ilivyoandikwa, ya modi moja ya gemu la Minecraft, akapiga komandi ya kubildi, yani kuigeuza iwe faili linalochezeka, ikamtemea. Kesho yake tukakaa Nyerere Square chini ya mti na laptopu yake na tulichokuta ni yaleyale niliyopigana nayo mimi nilivyoanza, kwa iyo nayaandika hapa yote mara moja ili nisiwe naeleza upya kila wiki.

Naongelea modi za Fabric, mmoja wa mifumo ya kuingiza modi kwenye Minecraft, maana ndo nazozijua. Forge na NeoForge, mifumo mingine kama huo, nazo zinatumia Gradle hiyohiyo, ile programu inayofanya kazi ya kubildi, mengi yanakuhusu pia.

Kabla ya yote, jifunze kusoma era, yani ule ujumbe wa kosa. Mstari wa `FAILURE: Build failed with an exception` haukwambii lolote, ni king'ora tu. Shuka mpaka `* What went wrong:` afu fuata vile vimshale `>` mpaka cha ndani kabisa, jibu liko hapo. Ukiongeza `--stacktrace` itamwaga mistari mpaka uchoke, wewe tafuta `Caused by:` ya mwisho. Afu jiulize nani analalamika: ni Java (inayoendesha Gradle na Minecraft yenyewe), ni mtandao, ni keshi (mafaili yaliyoshapakuliwa yakahifadhiwa), ni RAM, au ni kodi yenyewe? Kwa mtu mpya kodi ndo mshukiwa wa mwisho kabisa, mwenye modi ameshaibildi kwake ikakubali, sasa kilichobadilika ni nini kama sio mashine yako?

"Inalalamika haijui git" au namba ya toleo inakuja tupu

Umepakua ZIP. Ukibonyeza kile kitufe cha ZIP GitHub, tovuti inakohifadhiwa miradi ya kodi, unapata mafaili bila folda la `.git`, na modi nyingi zinachukua namba ya toleo kutoka kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi, zikiikosa zinagoma na kitu kama `not a git repository`. Kloni, yani vuta mradi kwa Git yenyewe:

`git clone --filter=blob:none https://github.com/...`

Hiyo `--filter=blob:none` inaokoa bando kwenye miradi mikubwa, inaleta historia ila mafaili ya zamani inayaacha mpaka yatakapohitajika. Wengine watakwambia `--depth 1`, nayo sawa kama unataka kubildi tu, ila siku ukitaka kuchangia historia haipo na itabidi upige `git fetch --unshallow`, bando ulilodhani umeokoa linaondoka siku hiyo. Na ukiona faili la `.gitmodules` ndani ya mradi piga `git submodule update --init --recursive`, bila hivyo kuna folda zitakuwa tupu na utaanza kumtafuta mchawi.

Namba za ajabu: 65, 61, 52

Hapa ndo alipokwama dogo wa Nzuguni na hapa ndo wanakwama wengi. Era inasema `Unsupported class file major version 65`. Hiyo namba toa 44. Utapata 21, yani Java 21. 61 ni Java 17, 52 ni Java 8. Ukishajua hilo nusu ya era za Java unazisoma kama gazeti.

Ila angalia nani anamkataa nani maana ziko mbili na dawa zake zimepishana. Hiyo ya `Unsupported class file major version 65` mara nyingi maana yake Java yako ni mpya kuliko Gradle ya huo mradi. Gradle ilianza kukubali kuendeshwa na Java 21 kwenye toleo la 8.5, na Java 17 kwenye 7.3, sasa mradi wa zamani wenye Gradle 7.4 ukiuendesha na Java 21 haukuelewi. Dawa ni kushusha Java, sio kupandisha Gradle ya watu. Ile nyingine inasema `compiled by a more recent version of the Java Runtime`, au siku hizi `Dependency requires at least JVM runtime version 21`, hiyo ni kinyume chake, Java yako imezeeka.

Java ipi sasa? Inategemea Minecraft unayobildia. 1.17 ilitaka Java 16, kuanzia 1.18 mpaka 1.20.4 ni 17, kuanzia 1.20.5 na mfululizo wote wa 1.21 ni 21. Hamna ubaya kuwa na 17 na 21 zote kwenye mashine moja, mimi ninazo zote.

Tatizo la dogo lilikuwa hilo la pili, na la kuchekesha kidogo. Ameinstali 21, ameandika `java -version` ikamjibu 21, akaapa mbele yangu kwamba Java sio shida. Nikamwambia piga `./gradlew -version`, hiyo `gradlew` ndo faili la mradi linaloiwasha Gradle. Ikajibu 17. Gradle inaanza na `JAVA_HOME` kabla ya kuangalia kingine, na `JAVA_HOME` yake ilikuwa bado inaelekea kwenye 17 aliyowekewa na jamaa wa hosteli mwaka juzi. Kwa iyo usiamini `java -version`, amini anachosema Gradle mwenyewe. Na kama unatumia IntelliJ, programu ya kuandikia kodi, kuna sehemu nyingine tena, kwenye mipangilio ya Gradle kuna Gradle JVM ambayo haijali umeweka nini kwenye terminali. Unaweza ukawa unabildi vizuri kwenye terminali na IntelliJ inagoma, au kinyume chake, na wote mko sahihi.

Ukiona era yenye `JAVA_COMPILER` ndani yake, umeweka JRE badala ya JDK. JRE inaendesha, haikompaili. Kwenye Ubuntu ni `openjdk-21-jdk`, sio ile inayoishia na `jre`.

"Permission denied", "bash\r", "not recognized"

Haraka haraka. Linux: `chmod +x gradlew`. PowerShell ya Windows: andika `.\gradlew`, sio `gradlew` tupu. Ukiona `\r` kwenye era ujue faili limepita Windows likabadilishwa miisho ya mistari, weka `core.autocrlf` kuwa `input` (mpangilio wa Git wa miisho hiyo, tutaurudia chini), futa `gradlew` afu irudishe na `git checkout gradlew`.

Inakatika katikati ya kupakua

Mara ya kwanza kubildi Gradle inajipakua yenyewe, afu inapakua Loom (kiungo cha Fabric ndani ya Gradle), afu Minecraft, afu maktaba zake, afu ramani za majina. Ni mamia ya MB. Kama unatumia hotspoti ya simu na bando la siku, subiri usiku, mimi huwa naanza saa sita na kuacha simu karibu na dirisha.

`Read timed out` na `Connection reset` ni mtandao kukosa pumzi tu, rudia komandi, iliyopakuliwa ikakamilika haipakuliwi tena. Ikizidi ongeza subira. Kwenye faili la `gradle.properties` lililoko ndani ya `.gradle` kwenye folda lako la nyumbani, sio lile la mradi, weka:

`systemProp.org.gradle.internal.http.connectionTimeout=180000`
`systemProp.org.gradle.internal.http.socketTimeout=180000`

Hizo ni milisekunde, yani dakika tatu. Nasisitiza la nyumbani kwa sababu ukiweka kwenye la mradi utasahau na utakuja kulituma kwa wenye modi, nishafanya hiyo na nikaambiwa niondoe.

Kama Gradle yenyewe ndo inakataa kushuka, soma `gradle/wrapper/gradle-wrapper.properties`, kuna anwani ya ZIP humo. Ipakue hata kwa simu, kwa brauza inayoweza kuendelea ilipoishia, afu iweke kwenye `.gradle/wrapper/dists/`, ndani ya folda la toleo hilo, ndani tena ya lile folda lenye jina la herufi zisizosomeka. Futa faili la `.part` na la `.lck` yaliyobaki hapo, rudia kubildi, itaikuta ZIP na kuifungua yenyewe.

Na kama una rafiki aliyeshabildi, mwombe kwa flashi. Folda la `.gradle/caches/modules-2` linahamishika kutoka mashine moja kwenda nyingine bila shida ilimradi matoleo ya Gradle yanaendana, ukishanakili futa mafaili yote ya `.lock` na lile la `gc.properties`. Pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, chumba kimoja cha hosteli mkiwa watu wanne hamna sababu ya kila mtu kuchoma bando lake. Minecraft yenyewe lakini acha kila mtu aipakue, hiyo Loom inaichukua kwa wenyewe na mafaili ya gemu sio ya kugawa mtaani.

PKIX path building failed, PKIX path validation failed

Hii naipa sehemu yake kwa sababu ilinila siku mbili nzima.

Era inaongelea vyeti vya usalama vya tovuti, utafute usaidizi utakuta watu wanakwambia uingize vyeti kwenye Java kwa `keytool`, wengine wanakwambia uzime ukaguzi wa usalama kabisa. Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujaangalia saa ya kompyuta. Nina deskitopu ya mtumba, betri ndogo ya ubao mama imekufa, ile ya duara ya CR2032. Umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka kibao, na vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa mashine inayoamini tuko miaka kumi iliyopita inaona kila cheti ni cha kesho, inakataa kila kitu. Brauza angalau inakwambia saa yako si sahihi. Java inakupa PKIX tu na kukuacha.

Badili betri, bei yake ndogo na fundi yeyote wa simu mjini anayo. Kama saa iko sawa na bado inagoma, basi jiulize kama uko kwenye mtandao wa ofisi au chuo unaochungulia trafiki, au antivairasi inafanya hivyo. Washa hotspoti ya simu ujaribu. Ikikubali umeshajua.

Jana ilibildi, leo haibildi, na sijagusa kitu

Umeme ulikatika? Laptopu ilizima yenyewe chaji ilipoisha? LUKU? Basi kuna faili limeandikwa nusu.

`zip END header not found` ni jar (faili la Java lililofungwa kama ZIP) iliyokatika. Era itataja njia ya faili lenyewe, lifute hilo hilo, rudia. `Could not read workspace metadata` ni keshi ya Gradle iliyoharibika, piga `./gradlew --stop` kwanza, afu futa folda lililotajwa kwenye era. `Timeout waiting to lock` ni Gradle nyingine bado iko hai nyuma au ilikufa ikaacha kufuli, `--stop` inatosha mara nyingi, isipotosha restati mashine.

Ninachokuomba usifanye: kufuta folda lote la `.gradle`. Ndo ushauri wa kwanza utakaoupata popote na kweli unatibu, ila wanaoutoa wana intaneti ya kebo. Hiyo keshi, japo sio ya noti, ni hela yako, umeilipia kwa GB. `--refresh-dependencies` nayo ni bunduki ya tembo, inakwenda kuuliza upya kila kitu mtandaoni, iache iwe ya mwisho. Na siku mtandao haupo kabisa na ulishabildi kabla, `./gradlew build --offline` inafanya kazi vizuri tu, mimi safari ya treni kutoka Dar natumia hiyo.

RAM: era mbili zinazofanana, dawa kinyume

`Java heap space` maana yake Gradle imepewa RAM kidogo. Tafuta `org.gradle.jvmargs=-Xmx1G` kwenye `gradle.properties`, peleka 2G. Ila `Gradle build daemon disappeared unexpectedly` mara nyingi ni kinyume, Gradle imetaka nyingi na mashine imeishiwa, programu endeshi ikaiua. Kwenye laptopu ya GB 4 ukipeleka 4G ulivyoshauriwa na mtu mwenye GB 32 utaiua kila siku. Hapo shusha, funga brauza, funga IntelliJ bildi kwa terminali. Hili nalo liandike kwenye faili la nyumbani, linashinda la mradi.

"cannot find symbol" mistari hamsini

Hapa ndo tunafika kwenye kodi, na hata hapa mara nyingi sio kosa la kodi. Umebadilisha `minecraft_version` kwenye `gradle.properties` ukitegemea modi ya 1.20.1 itakuwa ya 1.21 kwa kubadili namba. Haiwi. Mojang, wenye Minecraft, wanabadilisha majina na maumbo ya vitu ndani kila toleo, hiyo kazi inaitwa kuhamisha modi na inaweza kula wiki. Angalia matawi kwanza, `git branch -r`, modi nyingi zina tawi kwa kila toleo, huenda unalotaka lipo tayari. `Mixin apply failed` wakati wa kuwasha gemu ni jamii hiyohiyo, modi inatafuta mahali pa kushikia ndani ya Minecraft na mahali pamehama.

Imebildi, BUILD SUCCESSFUL, ila gemu haiioni

Angalia `build/libs`. Ziko jar mbili. Ile yenye `-sources` mwishoni ni kodi ya kusoma, sio ya kuchezea, chukua ile nyingine. Na usichukue chochote kwenye `build/devlibs`. Ikiwaka na kukwambia `Incompatible mods found!`, soma, mara nyingi inataka Fabric API au toleo jingine la Minecraft, na inakwambia waziwazi.

Kujaribu bila kunakili jar kila mara, `./gradlew runClient`. Utaingia kama Player na namba fulani, seva za mtandaoni zitakukataa, ni kawaida.

Afu kuna hii ya viboksi vya zambarau na nyeusi. Mimi na mdogo wangu tuliongeza mti wa mbuyu kwenye modi moja ya miti, si unajua tena huku kwetu mibuyu imejaa. Kwenye Windows, ndani ya IntelliJ, mbuyu unapendeza. Tukabildi jar, mbuyu ukawa boksi la zambarau na nyeusi. Picha ilikuwa inaitwa `Mbuyu_Bark.png`, kwenye faili la JSON linaloitaja tumeandika `mbuyu_bark`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, jar inajali. Andika kila kitu herufi ndogo tangu mwanzo. Na ukibadilisha jina Windows, Git inaweza isione mabadiliko, tumia `git mv`.

Sasa unataka kuchangia, GitHub inakataa nywila

Tangu 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nywila ya akaunti kwenye Git. Tengeneza tokeni au ufunguo wa SSH, mimi nashauri SSH, unaweka mara moja unasahau. Ukipata 403 badala yake, unajaribu kusukuma kwenye hifadhi ya wenyewe. Bonyeza Fork, sukuma kwenye nakala yako, na ile ya wenyewe iite `upstream`:

`git remote add upstream https://github.com/...`

"Nimebadilisha mstari mmoja, inaonyesha mafaili yote yamebadilika"

Miisho ya mistari tena. Windows inaandika tofauti na Linux, mhariri wako kaandika upya faili zima. Weka `core.autocrlf` kuwa `true` Windows, `input` Linux, na kama mradi una `.gitattributes` uiache ifanye kazi yake. Pitia `git diff` kabla ya kukomiti, kila mara. Hapo ndo utaona na ile `chmod` ya `gradlew` imeingia, na IntelliJ imepanga upya mistari ya `import` ambayo hukuombwa. Toa vyote. Anayekagua modi anafanya kwa muda wake wa bure, ukimpa mistari 900 kusoma kwa ajili ya mmoja ataiacha pembeni na mimi ningemwelewa.

Na lile faili kubwa la sosi ya Minecraft linalotoka kwenye `genSources` ni la kusoma tu. Usilikomiti, leseni ya gemu hairuhusu kuisambaza. Leseni ya modi nayo isome kabla, zipo ambazo kodi iko wazi kuonekana ila hairuhusiwi kutumika.

Ukaguzi ni mwekundu, kwako ilikuwa kijani

Ukishatuma mabadiliko, mradi unayabildi na kuyakagua wenyewe huko GitHub. Soma logi ya hicho kilichoshindwa. Mara nyingi ni mpangilio wa kodi: kama mradi unatumia Spotless, kifaa cha kupanga kodi, `./gradlew spotlessApply` afu komiti tena. Wengine wanataka maneno ya leseni juu ya kila faili jipya. Ikisema inasubiri idhini, tulia, kwa mtu anayechangia mara ya kwanza mwenye mradi ndo anabonyeza ruhusa ukaguzi uanze.

Ikionyesha mgongano, `git fetch upstream`, `git rebase upstream/main` au jina la tawi lao, tatua, afu `git push --force-with-lease`. Sio `--force` tupu.

Tafsiri imekataliwa

Modi nyingi kubwa tafsiri zake zinapita Crowdin, tovuti ya kutafsiri kwa pamoja, na mafaili ya `lang` yanajazwa na roboti, ukituma kwa mkono itafungwa hata kama Kiswahili chako kimenyooka. Soma `CONTRIBUTING.md`. Kama wanapokea kwa mkono, nakili `en_us.json`, tafsiri upande wa kulia tu, na mstari wa mwisho usiwe na koma.

Dogo wa Nzuguni yeye yake ilikuwa koma. Baada ya kurekebisha Java tukabildi, ikakubali, akatuma tafsiri yake, ukaguzi ukawa mwekundu, akanipigia tena saa tano usiku. Mstari wa 212. Akaitoa akiwa bado kwenye simu, nikamsikia anamwambia mama yake mkubwa eti amemaliza, na mama anamuuliza amemaliza nini.